Makocha wa butura

Jumamosi ya Januari 4, 2020, Simba ilikwenda mapumziko ikiwa mbele ya Yanga kwa bao moja, na kipindi cha pili hakijapata joto likaingia la pili. Kwenye vibanda umiza vya Kayanga na Nkwenda, mkoani Kagera, ambako siku ya watani hata jenereta hunywa mafuta mapema, shabiki wa Yanga alikuwa na haki ya kuanza kutazama mlango. Waliotoka walijuta. Mapinduzi Balama aliachia shuti la mbali, na dakika chache baadaye Mohamed Issa, yule wanayemwita Banka, akasawazisha. Mbili kwa mbili, na mpira ukaishia hapo.

Kwenye benchi la Yanga siku hiyo alikaa mtu mwenye historia isiyo ya kawaida. Charles Boniface Mkwasa, "Master" kwa waliomwona akicheza, alikuwa kiungo wa klabu hiyo na wa Taifa Stars katika miaka ya 1980. Baadaye akawa kocha msaidizi wa klabu hiyohiyo. Kisha akawa kocha mkuu wa timu ya taifa. Kisha, Februari 2017, akarudi Jangwani kama katibu mkuu, mtu wa mafaili, mikataba na barua za shirikisho. Na sasa, baada ya Mwinyi Zahera kuondolewa Novemba 2019, alikuwa amerudi tena uwanjani kama kocha wa muda. Mtu aliyewahi kutia saini barua za klabu alikuwa anasubiri barua yake mwenyewe.

Barua haikuja. Alikuja Mbelgiji, Luc Eymael, na Mkwasa akahamia kiti cha pili. Eymael hakumaliza mwaka: Julai 2020 klabu ilimfukuza kwa maneno yake ya kibaguzi dhidi ya mashabiki. Mkwasa naye akaenda kuifundisha Ruvu Shooting.

Mtu wa Karagwe au Kyerwa akisikia mfululizo huo anaweza kutafuta neno lake na akalipata bila kwenda mbali. Neno ni butura.

Kwa wasomaji walio nje ya Kagera, butura ni biashara ya kahawa ambayo bado haijawa kahawa. Mkulima ana mtoto wa kupelekwa shule, au mgonjwa, au msiba. Mikahawa iko kwenye ua, au imeanza tu kushika punje. Mnunuzi anafika na fedha taslimu, anaangalia matawi, anataja bei ya kutupa, na mavuno yote ya msimu ujao yanakuwa yake. Serikali imepiga marufuku, chama kikuu cha ushirika KDCU kinahimiza mkulima asubiri msimu, na bado butura ipo, kwa sababu shida nayo ipo. Anayeuza anajua kabisa kwamba anapunjwa. Kinachomkosesha ujanja ni kwamba hakuna mwingine aliyekuja na fedha mapema.

Mpira wa Tanzania umekuwa ukiwanunua wachezaji wake wa zamani kwa butura. Unawachukua wakati wa shida, kwa miezi michache, kwa jina la kaimu au la "kocha wa muda", unavuna kilichopo, kisha unarudi mjini kutafuta mgeni. Hoja ya makala haya ni kwamba hasara ya mtindo huo haiko Dar es Salaam peke yake. Wilaya mbili zilizoko ukingoni mwa Mto Kagera zinaulipia kila wikiendi.

Mkwasa ni mfano mzuri kwa sababu kazi yake haina upande mmoja wa sifa tupu. Mwaka 2010 alikuwa kocha wa Twiga Stars ilipokwenda Afrika Kusini kwenye fainali za wanawake za Afrika, kwa mara ya kwanza katika historia ya timu hiyo. Ilifungwa mechi zote tatu za kundi, lakini kabla ya hapo nani alikuwa ameifikisha hata mlangoni? Mwaka 2015, Stars ilipochapwa 3-0 na Uganda pale Amaan, Zanzibar, na Mholanzi Mart Nooij akaonyeshwa njia, aliitwa Mkwasa. Septemba mwaka huo akatoka sare ya bila kufungana na Nigeria jijini Dar es Salaam.

Halafu ikaja Algeria. Novemba 14, 2015, Elius Maguri na Mbwana Samatta waliiweka Tanzania mbele kwa mabao mawili, na kwa muda nchi nzima ilianza kuhesabu safari ya Kombe la Dunia nchini Urusi kabla ya wakati. Islam Slimani akayarudisha yote mawili ndani ya dakika chache. Siku tatu baadaye, mjini Blida, Stars ilifungwa saba bila.

Saba ni saba, na hakuna haja ya kumpamba mtu aliyefungwa saba. Lakini angalia alichofanya baada ya hapo. Januari 2016 Samatta alitoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na Mkwasa akampa unahodha wa taifa, akimvua Nadir Haroub "Cannavaro", beki aliyekuwa na heshima yake na aliyeichezea nchi kwa miaka mingi. Cannavaro alikasirika, akatangaza kuachana na timu ya taifa. Watu walibishana vijiweni wiki nzima. Miaka mitatu baadaye, Tanzania ilipokwenda Afcon ya Misri mwaka 2019, nahodha alikuwa Samatta huyohuyo. Uamuzi ule ulihitaji mtu anayejua chumba cha kubadilishia nguo kinavyonuka siku ya kupokonywa kitambaa, na anayejua pia kwamba kuna siku lazima kipokonywe. Kocha aliyeufanya hakuwepo tena wakati matunda yanavunwa. Aliondolewa Januari 2017.

Na ndipo akaingia ofisini. Watu wengi huhesabu kwamba kutoka uwanjani kwenda ofisini ni kupanda cheo, kama mwalimu wa darasa anayefanywa ofisa elimu. Ukatibu mkuu wa klabu ni kazi nyingine kabisa. Kuna leseni za wachezaji zenye tarehe za mwisho, kuna madai ya waliowahi kuichezea klabu na hawakulipwa, kuna wadhamini wanaotaka nembo ionekane, kuna wanachama wanaotaka mkutano. Mkwasa aliingia Yanga katika kipindi ambacho klabu ilikuwa inaanza kuyumba kifedha, baada ya mfadhili wake mkubwa kupata matatizo. Kipa wa zamani hawezi kudaka deni. Kiungo aliyesoma mchezo kwa miaka 10 hatakuwa amesoma mizania ya hesabu hata mara moja, isipokuwa kama kuna mtu alimpeleka kusoma.

Hapo ndipo Wamarekani wana kisa cha kusimulia, ingawa mpira wao ni ule wa kubebwa mikononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia. Amos Alonzo Stagg aliucheza katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1889 akatajwa kwenye kikosi cha kwanza kabisa cha nyota wa Marekani nzima. Mwalimu wake mmoja pale Yale, William Rainey Harper, alikwenda kuanzisha Chuo Kikuu cha Chicago kwa fedha za Rockefeller, na akamchukua Stagg. Cha kushangaza ni alivyomchukua. Hakumpa kibarua cha msimu. Alimpa idara, cheo cha kitaaluma na ajira ya kudumu, sawa na mwalimu wa historia au wa kemia.

Stagg alianza kazi Chicago mwaka 1892 na hakuiacha hadi 1932, misimu 41, alipoondolewa kwa sababu moja tu: alikuwa amefikisha miaka 70. Hakukubali kuwa mzee. Akahamia California, chuo cha Pacific, akafundisha hadi 1946. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102. Katikati ya hapo alisaidia kuandika kanuni za mchezo, alisimamia viwanja, riadha na bajeti. Uwanja wa Chicago ukapewa jina lake, na chini ya majukwaa yake, Desemba 2, 1942, wanasayansi waliwasha kwa mara ya kwanza mmenyuko wa mnyororo wa nyuklia unaojiendesha, chuo kikiwa kimeshaacha mpira huo miaka mitatu nyuma. Lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Misimu 41 haikuwa ya ushindi wote. Miaka yake ya mwisho Chicago ilikuwa inafungwa vibaya. Kama angekuwa na mkataba wa Kiswahili, wa "tutaona baada ya mechi tatu", dunia isingelijua jina lake. Alipewa muda wa kukosea na kujirekebisha, na katika muda huo akajifunza kazi ya pili na ya tatu: kufundisha, kisha kuendesha.

Tanzania nayo imewahi kuwa na watu waliopata muda huo, ila kila mmoja aliupata kwa njia ya pembeni, nje ya mpira. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Stars iliyocheza Afcon ya 1980 Lagos. Timu ile ilikata tiketi Ndola, Zambia, Agosti 1979, kwa bao la Peter Tino dakika za mwisho. Kwa mtu wa Kagera mwaka ule una maana nyingine. Miezi michache kabla, nchi ilikuwa vitani, na vita vilianzia hapahapa: daraja la Kyaka lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa 1978. Nchi iliyotoka kuzika vijana wake ikapeleka vijana wengine Lagos kucheza na Nigeria, Misri na Ivory Coast. Walifungwa mbili, wakatoka sare moja.

Tenga alikuwa anasomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ile, pamoja na miaka ya kazi za uongozi, ndiyo iliyomfanya aweze kukalia kiti cha urais wa TFF kuanzia Desemba 2004 hadi 2013, na pia kuhudumu Cecafa, kamati ya utendaji ya CAF na Baraza la Michezo la Taifa. Mpira ulimpa jina, na shule ikampa kalamu. Benchi la ufundi la timu ileile lilikuwa na Mpoland Slawomir Wolk na Mtanzania Joel Bendera. Bendera alikuja kuwa mbunge, naibu waziri mwenye dhamana ya michezo na mkuu wa mkoa, kabla ya kufariki Desemba 2017. Naye hakulelewa na chama cha mpira. Alilelewa na utumishi wa umma na siasa. Hata kwenye riadha, Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, alilelewa na jeshi, akaja kuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa zaidi ya miongo miwili.

Kila aliyefika alibebwa na jeshi, chuo au chama cha siasa. Wale waliotegemea mpira peke yake wamebaki wanauzwa kwenye ua.

Kagera imeona mfano huo kwa macho yake. Abdallah Kibadeni, ambaye mwaka 1977 aliifunga Yanga mabao matatu peke yake Simba iliposhinda 6-0, na ambaye mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF akiwa kocha, aliwahi kuja kuinoa Kagera Sugar, timu ya kiwanda kilichoko wilaya jirani ya Missenyi. Alifanya kazi nzuri msimu wa 2012/13, nzuri kiasi kwamba Simba ikamwita nyumbani katikati ya 2013. Kabla mwaka haujaisha ikaachana naye. Mzee wa rekodi ile, anayetajwa kila watani wanapokutana, alipewa nusu msimu.

Mfano wa upande wa pili nao umepita Kaitaba, uwanja wa Bukoba. Mecky Mexime, nahodha wa zamani wa Mtibwa Sugar na Stars, alianza kufundisha palepale Mtibwa, akahamia Kagera Sugar mwaka 2016, na msimu wake wa kwanza akashika nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Simba. Klabu ikamvumilia misimu kadhaa, ikiwemo mibaya. Watu wa Karagwe waliokuwa wanasafiri zaidi ya kilometa 100 kwenda kukaa juani Bukoba walikuwa wanajua wanakwenda kuiona timu ya nani na itacheza vipi. Msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja, na mkoa mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Ndiyo maana swali la nani apewe muda linarudi vijijini, kwa sababu huko ndiko timu ijayo itakakotoka, kama itatoka.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi 2012. Ukifika Omurushaka barabara inagawanyika, moja ikishika Nkwenda na Isingiro hadi Murongo, ambako ng'ambo ya mto ni Uganda. Katika njia hiyo yote, pembeni ya migomba na mikahawa, hakuna kijiji kisicho na uwanja. Baadhi vimeinama upande mmoja kama paa, na timu inayoshinda kura ya sarafu huchagua kuteremka kipindi cha pili. Mtoto anaanza na mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba zake mwenyewe, anapanda hadi kikosi cha shule, UMITASHUMTA ya shule za msingi, kisha UMISSETA ya sekondari, kisha ndondo ya kata ambako bingwa anapewa mbuzi na wa pili anapewa jezi.

Na anayeiendesha mashine hiyo yote ni nani? Mara nyingi ni mwalimu. Ndiye mchezaji wa zamani, ndiye kocha, ndiye katibu. Asubuhi anafundisha hesabu. Jioni anapiga kipenga. Usiku anaandika majina ya wachezaji kwenye daftari, anatafuta vitambulisho, anampigia mwenye Fuso kuuliza kama Jumapili lori halina mzigo wa ndizi. Timu ikifungwa, kocha ni yeye. Ikikosekana fedha ya refa, katibu ni yeye. Beki akiumia, kuna siku amevaa jezi namba nne juu ya suruali ya kazini. Stagg alipewa kazi hizo tatu pamoja na mshahara na idara. Mwalimu wa Kyerwa anazifanya zote kwa jina la kujitolea.

Mtu huyu akifika miaka 40 anakuwa na ujuzi ambao hauandikwi popote. Anajua kijana gani wa Kaisho ana mguu wa kushoto na gani wa Bugene ana hasira. Anajua kwamba msimu wa kahawa winga wake hatakuja mazoezini, na kwamba hakuna haja ya kumgombeza kwa sababu yuko shambani kwa mama yake. Kisha uchaguzi wa chama cha mpira unafika, na ujuzi huo hauhesabiwi.

Kuna hoja ya upande wa pili, na wenye nayo si wajinga. Wanasema mpira wa wilaya hauendeshwi kwa kumbukumbu za ujana. Unaendeshwa kwa fedha. Anayenunua jezi mbili na kulipa basi hadi Bukoba ana haki ya kusikilizwa, hata kama hajawahi kupiga danadana tatu. Mfanyabiashara wa kahawa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mgombea udiwani: bila hao mbuzi wa fainali hayupo. Wanaongeza kwamba mchezaji wa zamani naye ana maradhi yake. Anaamini mpira uliisha alipostaafu. Anamchukia kijana anayefanya alichoshindwa yeye. Hataki kusoma, kwa sababu "nilicheza, mtanifundisha nini?"

Yote hayo ni kweli, na la mwisho ndilo la kweli kuliko yote. Kucheza hakumfanyi mtu kocha, kama kunywa rubisi kusivyomfanya mtu kujua kuikamua. Ndiyo maana ngazi ya kati ni muhimu. CAF imepanga leseni za ukocha kutoka D kwenda C, B na A, na kila moja ina masomo na mtihani wake. Kanda ya Ziwa ina chuo cha michezo Malya, wilayani Kwimba, ambako mtu anaweza kusomea ukocha na uongozi bila kwenda pwani. Kutoka Kayanga hadi huko ni safari ya siku moja. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwalimu yule: nenda, tutakusubiri, na ukirudi kiti chako kipo.

Mwenye fedha hatakiwi kufukuzwa. Anatakiwa kukaa kwenye kiti chake, cha mfadhili au hata cha mwenyekiti, na kumwachia katibu na mkurugenzi wa ufundi kazi zao. Shida inaanza pale anayenunua jezi anapotaka pia kuchagua nani azivae. Mashabiki wa Nkwenda hawahitaji mfano wa Ulaya kuelewa hilo. Wameona timu ngapi zikivunjika wiki moja baada ya fainali, mfadhili akiwa ameondoka na jezi zake kwenye buti la gari?

Karagwe haiwezi kusema haikuwahi kuwa na sauti. Mbunge wake, Innocent Bashungwa, aliiongoza wizara yenye dhamana ya michezo mwaka 2021. Wizara inaweza kujenga uwanja na kubadili sheria. Haiwezi kujua jina la mchezaji wa zamani wa Isingiro mwenye uwezo wa kufundisha, aliyekaa tu dukani. Hilo ni jambo la halmashauri na chama cha wilaya, na halihitaji mabilioni. Wilaya mbili zikichagua kila mwaka watu wachache, mathalani wawili kila moja, wachezaji wa zamani au walimu wa michezo, zikawalipia kozi na nauli, na zikawapa mkataba wa miaka minne wa kuisimamia timu ya vijana ya wilaya, ifikapo mwisho wa muongo zitakuwa na kundi la makocha ambalo mikoa mingi haina. Mmoja wao lazima awe mwanamke. Wasichana wanacheza UMISSETA wakiwa na vipaji, kisha wakimaliza kidato cha nne hakuna kocha wa kuwafuata nyumbani, na Twiga Stars ya 2010 inaonyesha kinachowezekana wakipata mtu wa kuwashughulikia.

Miaka minne ndiyo sehemu yenye ugomvi. Kozi zinakubalika kirahisi, kwa kuwa zina vyeti na picha. Mkataba mrefu unatisha, kwa sababu ndani yake kuna kufungwa. Kutakuwa na mwaka ambao Kyerwa itapigwa tano na Bukoba Manispaa, redio za mkoa zitawasha simu, na diwani mmoja atasimama kwenye kikao kutaka kocha aondoke. Mkwasa alifungwa saba na mwezi wa pili baada yake akafanya uamuzi uliodumu kuliko yeye. Stagg alifungwa miaka mizima. Kocha wa Kyerwa naye ataomba apewe angalau msimu wa pili.

Vikao vya bajeti za halmashauri hufanyika mapema, ili mwaka wa fedha unapoanza Julai kila shilingi iwe imeshapata pa kukaa. Kahawa nayo huanza kuvunwa Mei. Mnunuzi wa butura hupita miezi kadhaa kabla, ua likiwa bado jeupe.